Je, kinyume cha ‘umoja’ ni ‘wingi’ au ‘utengano’?

MWALIMU mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili mjini Isiolo aliniuliza swali majuzi ambalo sijaacha kulitafakari. Katika mtihani wao wa muhula, wanafunzi walitakiwa waandike kinyume cha neno ‘umoja’. Kuna walioandika ‘wingi’ na kuna walioandika ‘utengano’. Walimu wenyewe hawakukubaliana. “Prof, wewe ungempa nani alama?”

Ningewapa wote. Hata hivyo, jibu hilo fupi halitoshi, kwa sababu swali la mwalimu huyu limegusa jambo ambalo limetusumbua Wakenya tangu uhuru, na Isiolo labda limewasumbua kuliko wengi wetu. Naomba msomaji anivumilie tulitazame neno hili taratibu.

Tuanze darasani. Katika sarufi, umoja ni suala la idadi. Mtu ni umoja, watu ni wingi. Ngamia huyu, ngamia hawa. Hapo umoja na wingi ni kama mchana na usiku: kimoja kikiingia, kingine sharti kitoke. Lakini toka nje ya darasa uwasikilize wahenga. Wao walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Sijawahi kumsikia Mswahili yeyote akisema umoja ni nguvu, wingi ni udhaifu. Katika maisha ya watu, kinachopingana na umoja ni kutengana. Wingi haumo katika ugomvi huo hata kidogo.

Kwa hivyo neno ni lile lile, nyuga ni mbili. Matatizo huanza pale mtu anapoichukua maana ya sarufi na kuipeleka kwenye siasa, akaanza kuuona wingi wa watu, wa lugha na wa maoni kana kwamba ndio utengano wenyewe.

Hebu tulichambue neno. Mzizi ni -moja, nambari ile ya kwanza. Kiambishi u- ndicho kile tunachokipata katika ‘uzuri’, ‘upana’ na ‘utu’, yaani kinaibadilisha sifa kuwa hali. Umoja basi ni hali ya kuwa -moja. Nomino hii tunaiweka katika ngeli ya U-U: umoja huu, umoja wetu. Haina wingi; hakuna asemaye ‘maumoja’. Kufikia hapo hamna utata.

Utata, au tuseme utamu, unapatikana katika methali. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkono mmoja haulei mwana. Jifya moja haliinjiki chungu. Umeona? Kila mara ‘moja’ inapotokea katika methali hizi, inasimama mahali pa udhaifu. Kidole ni kimoja, kikashindwa. Mkono ni mmoja, ukashindwa. Jifya ni moja, likashindwa. Halafu wahenga hao hao wanageuka na kutuambia kwamba umoja ni nguvu. Iweje ‘moja’ iwe udhaifu, nayo ‘umoja’ iwe nguvu, ilhali mzizi haujabadilika?

Hapo ndipo penye maana halisi ya neno hili. Umoja wa methali hauanzi na kimoja. Unaanza na vingi. Hauwezekani pasipo wingi. Vijana waliokulia kwenye jiko la gesi huenda wasilijue jifya, kwa hivyo nieleze: ni jiwe mojawapo kati ya matatu yanayobeba chungu mekoni, ambayo wengine huyaita mafiga. Mawe hayo hayagusani. Yakisogezwa hadi yakakutana katikati, moto utakosa pa kukaa na chungu kitapinduka. Yanakibeba chungu kwa sababu ni matatu, kila moja lina upande wake, na yote yameelekea kitu kimoja.

Hali ya kuwa mmoja pekee yako Kiswahili kina neno lake: upweke. Hatukosi kamwe kulitofautisha na umoja. Mtu aliyeachwa na wenzake nyikani hatusemi ana umoja. Tunasema yu mpweke.

Sarufi yenyewe inaliungamkono jambo hili kwa namna ya ajabu. Nambari moja, kwa mantiki ya kawaida, haipaswi kuchukua kiambishi cha wingi. Tunasema mtu mmoja, watu wawili, watu watatu. Lakini tunasema pia, bila kusita, “sisi sote ni wamoja”. Tazama hicho ki-wa: wa- ya wingi imekaa juu ya -moja. Wakati huo hatuhesabu tena. Tunasema kwamba tu wengi, na tumebaki wengi, ila kuna jambo linalotufunga. Kwangu mimi, neno ‘wamoja’ ni ufafanuzi wa umoja ulio bora kuliko aya nzima za kitaalamu.

Sasa turudi Isiolo, kwa sababu si bahati tu kwamba swali lilitoka huko. Mji huo ni njia panda kwa kila maana. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu wanakutana sokoni hapo, na Kiswahili ndicho kinachowauzia na kuwanunulia. Wengine wamefika kwa njia ndefu: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa baadhi ya askari wastaafu wa Kisomali makao Isiolo, na vizazi vyao vipo hadi leo.

Ukiwauliza watu hawa neno lao la umoja, utashangaa. Kwa Kiborana, ambacho ni tawi la Kioromo, ‘moja’ ni tokko, na umoja ni tokkumma. Kwa Kisomali, mid ina maana ya moja, na umoja ni midnimo. Katika Kimaa, ambacho Wasamburu huzungumza tawi lake, nabo ni moja, na naboisho ni umoja, kuja pamoja. Kiarabu kina wahid na wahda. Kiingereza nacho kilirithi neno lake kutoka Kilatini, ambako unus ni moja. Lugha hizi hazitoki katika jamii moja. Kiswahili ni Kibantu, Kioromo na Kisomali ni za Kikushi, Kimaa ni ya Kinailoti. Hata hivyo, kila moja ilipotafuta neno la kuwafunga watu, ilikwenda kwenye nambari ya kwanza na kuivika kiambishi. Mborana na Msamburu wanaweza kugombania kisima, lakini walipounda neno la umoja walipita njia moja.

Kama neno wanalo wote, mbona umoja umewapa shida? Nadhani sehemu ya jibu imo katika neno jirani, ‘pamoja’.

‘Pamoja’ ni -moja ile ile iliyovishwa kiambishi cha mahali, pa-. Asili yake ni ‘mahali pamoja’. Siku hizi tumelipa kazi nyingi. Mwalimu akimaliza kueleza, anauliza, “Tuko pamoja?” Darasa linaitika ndio, hata aliyekuwa akisinzia. Wanasiasa nao hawakuliacha. Chama cha Jubilee kilienda kwenye uchaguzi wa 2017 na kaulimbiu ya ‘Tuko Pamoja’. Lakini kuwa mahali pamoja na kuwa na umoja ni mambo mawili, na watu wa Isiolo walifunzwa tofauti hiyo kwa njia chungu.

Kenya ilipokaribia uhuru, Isiolo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyofahamika kwa kifupi kama NFD. Mwaka 1962 tume ilizuru eneo hilo kusikiliza iwapo wakazi wanataka kubaki Kenya au kujiunga na Somalia. Hapo neno letu lilipasuka katikati. Kwa waliotaka Somalia, huo ulikuwa umoja wa ndugu waliogawanywa na mipaka ya wakoloni. Kwa Nairobi, jambo lilo hilo liliitwa kujitenga. Umoja wa huyu ulikuwa utengano wa yule. Tarehe 28 Juni 1963, Dabaso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyekuwa akiwahimiza watu wabaki Kenya, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Barabara ya Wabera jijini Nairobi imepewa jina lake, ingawa wengi wanaoipita kila siku hawajui alikuwa nani.

Vita vya Shifta vilivyofuata viliendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Katikati ya vita hivyo serikali iliwakusanya wafugaji katika kambi zenye ulinzi, zikiwamo za Garba Tulla na Merti. Mifugo isiyoweza kwenda malishoni ikafa au ikapotea, na watu waliokuwa na mali wakawa maskini. Waborana hukiita kipindi hicho Gaafa Daaba, wakati wa kuzuiliwa. Waliokuwa ndani ya ua ule walikuwa pamoja kwa maana kamili ya pa-: mahali pamoja, usiku na mchana. Huwezi kuuita umoja. Umoja unahitaji mtu awe na uwezo wa kuondoka, kisha achague kubaki.

Sisi wa rika langu tulilipata somo kama hilo kwa namna nyepesi zaidi. Nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu miaka ya themanini, falsafa ya Nyayo ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa na maneno matatu, amani, upendo na umoja, nasi tuliyakariri hadi tukayaota. Ni maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Ila Juni 1982 katiba ilibadilishwa Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, na hoja kubwa iliyotolewa ilikuwa kwamba vyama vingi vingewagawanya wananchi. Hapo ‘umoja’ wa sarufi uliingia ikulu. Wingi ukawa kosa. Aliyekuwa na maoni tofauti aliitwa mvunja umoja, na waliovunjwa walikuwa ni wao. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, na mwaka huo huo ndipo sheria za hali ya hatari zilizowabana watu wa kaskazini tangu siku za Shifta nazo zikaondolewa.

Kiswahili kina maneno mengine ambayo yangetuepusha na mkanganyo huu iwapo tungeyatumia kwa uangalifu. Mengi huwa tunayachanganya kana kwamba ni visawe.

‘Muungano’ linatokana na kitenzi unga, kisha ungana. Tunaunga mfupa uliovunjika, tunaunga kamba. Kilichoungwa kina kiungo, na mara nyingi kiungo chenyewe kinaonekana. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, taifa liliitwa Jamhuri ya Muungano, na kwenye nembo yake yakaandikwa maneno ‘Uhuru na Umoja’. Watanzania hawakuyachanganya. Muungano ni tendo lililofanywa siku fulani kwa mkataba. Umoja ni hali inayotafutwa kila siku. Ndiyo maana muungano una wingi, miungano, na unaweza kuvunjwa kwa barua. Wanahabari wetu huandika leo Umoja wa Afrika na kesho Muungano wa Afrika. Yote mawili yanaeleweka, ila hayasemi kitu kimoja.

‘Mshikamano’ ni shika iliyoongezwa viambishi hadi ikawa shikamana, kushikana na kukaa hivyo. Ni neno la wakati wa dhiki: wafanyakazi walio kwenye mgomo, wakulima waliofikwa na hasara. Dhiki ikiisha, mikono inaweza kuachana, na hakuna aliyesaliti mwenzake.

‘Utangamano’ ni hali ya watu wa aina mbalimbali kuishi na kuchanganyika bila fujo. ‘Uwiano’ tunalijua kutoka Hisabati, ambako linaeleza kiasi cha kitu kimoja kikilinganishwa na kingine. Sheria ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi, ilitupa Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano. Ukiyafikiria maneno hayo mawili, utaona kwamba yanakubali tangu mwanzo kuwa tu wengi, tena yanauliza nani amepata kiasi gani. Neno ‘umoja’ halikutiwa katika jina la tume, na nadhani ni afadhali.

Lipo pia ‘undugu’. Wimbo wetu wa Taifa, uliotayarishwa na jopo la watu watano mwaka 1963 kwa lahani ya wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, una matini mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Mahali ambapo matini ya Kiingereza inataja umoja, ya Kiswahili inataja undugu. Tofauti hiyo ina uzito. Ndugu humchagui, wala huwezi kumfuta. Ndugu wakigombana, wahenga walisema, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake ni kwamba undugu unategemea kuwa ugomvi utakuwapo, na bado hauvunjiki. Umoja wa kisiasa huogopa ugomvi. Undugu umeuzoea.

Ukitoka Isiolo ukielekea Marsabit, ukavuka mto Ewaso Nyiro na kuingia Samburu, karibu na Archer’s Post utafika kijiji kinachoitwa Umoja. Kilianzishwa mwaka 1990 na Rebecca Lolosoli pamoja na wanawake wengine waliokimbia dhuluma, baadhi yao wakiwa wamebakwa kisha wakakataliwa na waume zao. Wanaume hawaruhusiwi kuishi humo. Wanawake wanajipatia riziki kwa ushanga na kwa watalii. Niliwahi kumsikia msomi mwenzangu akilalamika kwamba jina hilo ni la kinyume: kijiji kinachowafungia nje nusu ya binadamu kinawezaje kuitwa Umoja? Sikubaliani naye. Wanawake wale walikuwa wamekwisha kutengwa kabla hawajajenga nyumba hata moja. Kila mmoja wao alikuwa jifya lililotupwa peke yake. Walipokusanyika kwa hiari, wakapata chungu cha kubeba, walilitumia neno hilo vile lilivyo katika methali. Anayetaka kujua ni nani aliyevunja umoja na aulize ni nani aliyetenga kwanza.

Kijiji hicho kinatukumbusha jambo la kisarufi ambalo tunalisahau. ‘Umoja’ ni neno lisilotosheka. Mara nyingi huhitaji kijalizo. Tunasema umoja wa nani, umoja baina ya nani na nani, umoja dhidi ya nani. Maneno hayo madogo ndiyo yanayobeba siri. Mwanasiasa akisimama jukwaani akisema “tuwe na umoja”, akaacha hapo, hajasema lolote. Msubiri amalizie. Akisema umoja wa jamii yetu, jua anaomba kura za kabila kwa kapu moja. Katika kaunti za kaskazini, wazee hukaa mapema na kuafikiana nani agombee kiti kipi. Utaratibu huo umewahi kuzuia damu isimwagike, nami siudharau. Lakini umoja wa jamii kubwa ukikamilika, jamii ndogo hubaki nje, na ndani ya jamii kubwa yenyewe wanawake na vijana huweza kukuta mambo yameshaamuliwa. Umoja wao, kwa wengine, umegeuka ua.

Waso, kama Waborana wanavyoiita nchi yao ya Isiolo, ina mifano bora kuliko hiyo ya majukwaani. Upo utaratibu wao wa kale wa dedha, ambapo wazee husimamia malisho: kuna eneo la wakati wa mvua, eneo la kiangazi, na eneo linalowekwa akiba kwa ajili ya ukame. Mgeni huomba ruhusa kabla ya kuingiza mifugo. Nchi ni ya pamoja, lakini watu hawaendi wote mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wakifanya hivyo, nyasi zitaisha kwa juma moja. Kinachowafanya wamoja ni zamu na kanuni.

Au chukua maziwa ya ngamia yanayosafirishwa kwa basi kutoka Isiolo hadi Nairobi, biashara ambayo wanawake wa kikundi cha ushirika cha Anolei wamejulikana nayo. Maziwa ya wafugaji wengi huishia katika chombo kimoja. Kabla ya kumiminwa, ni sharti kila mtungi upimwe peke yake, kwa kuwa mtungi mmoja ulioharibika huwaharibia wote. Kumpima mwenzako hapo si kumtenga. Asiyekubali maziwa yake yapimwe, kisha akalilia umoja, ana jambo analolificha.

Kwa mwandishi na mwalimu, basi, ningependekeza hivi. Ukisimulia nchi au vyama vilivyotia sahihi mkataba, andika ‘muungano’. Ukisimulia watu walioshikana wakati wa shida, andika ‘mshikamano’. Majirani wa lugha na dini mbalimbali wanaoishi kwa amani wana ‘utangamano’. Ugavi wa kazi na rasilmali ni ‘uwiano’. Neno ‘umoja’ liwekee pale ambapo wengi, wakiwa wangali wengi, wamechagua kubeba chungu kimoja, na ukiliandika, usiliache bila kijalizo chake.

Kwa mpigakura anayesubiri uchaguzi wa 2027, iwe Bulla Pesa, Merti au Nairobi, kazi ni rahisi zaidi. Ukihimizwa umoja, uliza ni wa nani, ni wa kufanya nini, na anayekataa kujiunga ataitwaje. Akiitwa ndugu mwenye maoni mengine, sikiliza. Akiitwa msaliti, shika njia urudi nyumbani.